Kambale Chini ya Kigae

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Damari alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuwafungulia kuku banda, na kuosha masufuria ya jana. Kazi ya nne hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe. Alipita sebuleni, akalisogelea tangi la kioo lililokuwa juu ya meza ya mninga, akalifuta vumbi kwa kitambaa laini. Mji wa Singida una upepo, na upepo ule huingiza vumbi hata kwenye nyumba iliyofungwa madirisha. Damari hakutaka vumbi litue kwenye tangi lile hata siku moja.

Tangi lenyewe lilikuwa na urefu kama wa hatua moja ya mtu mzima. Baba yake, Mzee Obadia, alikuwa fundi wa vioo na aluminiamu, na karakana yake ilikuwa hapo hapo mtaani Misuna, hatua chache kutoka nyumbani. Mteja mmoja alikosea vipimo vya dirisha la duka lake, kioo kikubwa kikabaki karakanani bila kazi. "Tukifanyie nini hiki?" baba aliuliza, na Damari akajibu bila kufikiri, "Tangi la samaki." Aliwahi kuona tangi kama hilo kwenye mapokezi ya hoteli, siku aliyomsindikiza baba kwenda kufunga milango ya vioo.

Walilitengeneza pamoja. Baba alikata vioo, Damari akashika ncha huku baba akipaka gundi ya silikoni kwenye maungio. Hakutikisika, ingawa mikono ilimuuma.

"Likikauka tutalijaza maji," baba alisema, "na samaki utachagua wewe."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe ndiye fundi msaidizi wangu. Nani mwingine?"

Maneno yale Damari aliyaweka moyoni.

Wiki ileile, Eliana akaja.

Eliana alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Damari, kutoka Iguguno. Mama yake alikuwa amelazwa Dodoma kwa maradhi ya mgongo, na daktari alisema matibabu yatachukua miezi. Nyumbani kulibaki babu peke yake, mzee asiyeona vizuri. Kwa hiyo Eliana alihamishiwa Singida mjini, darasa la sita, darasa la Damari, dawati moja na Damari. Alikuja na begi moja, daftari lenye jalada la bluu, na dumu la mafuta ya alizeti alilopewa na babu alete. Alipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo mama mkubwa. Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," walijibu wote wawili, na mama akamkumbatia kwa muda mrefu.

Mwanzoni Damari alifurahi. Alimgawia nusu ya kitanda na nusu ya kabati. Lakini siku zilivyokwenda, aligundua kwamba vitu vinavyogawanywa havikuwa kitanda na kabati tu. Mama alipopika mlenda, alimuuliza Eliana kama unafanana na wa Iguguno. Mwalimu alipouliza swali la hesabu, Eliana alijibu kwa sauti ndogo, na jibu likawa sahihi. Hata kuku, ambao Damari aliwafungulia kila siku, walianza kumfuata Eliana. Roho ya Damari ikaanza kuuma kidogo kidogo, kama kidole kilichochomwa na mwiba usioonekana.

Jumamosi iliyofuata, baba aliwaita wote wawili. Tangi lilikuwa limejazwa maji, mchanga mweupe ulioshwa ukatandazwa chini, na pampu ndogo ya hewa ilikuwa ikitoa mapovu. Katikati baba aliweka kigae cha chungu kilichovunjika, kimeinama kama pango, ili samaki wapate mahali pa kujificha.

"Vaeni viatu," alisema. "Tunakwenda kwa Paschal. Nyote wawili mtachagua samaki."

Damari alimtazama baba. Alisubiri aongeze neno, aseme kwamba anakumbuka. Baba alikuwa anatafuta funguo.

Paschal alifuga samaki wa mapambo kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Alikuwa kijana mrefu, mchekeshaji, mwenye mazoea ya kuzungumza na samaki wake kana kwamba ni wapangaji wanaochelewesha kodi. Chumba kilijaa mabeseni, ndoo na mitungi ya kioo.

Damari hakutembea hatua tano kabla ya kumwona anayemtaka. Kwenye mtungi mmoja, peke yake, alikuwepo samaki mwekundu kama pilipili iliyoiva, mwenye mapezi marefu yaliyopepea kama shela ya bibi harusi.

"Huyu," alisema. "Tuchukue huyu."

"Una jicho zuri, dada," Paschal alisema. "Huyu anaitwa mpiganaji. Ngoja nikuonyeshe kwa nini."

Alichukua kioo kidogo cha kujitazamia, akakiweka mbele ya mtungi. Samaki yule aliona sura yake. Mara akavimba, mapezi yakasimama, mashavu yakafunguka kama mwavuli, akarusha kichwa kuelekea kwenye kioo.

"Anagombana na nani?" Eliana aliuliza.

"Na yeye mwenyewe. Anadhani mwenzake amekuja kumnyang'anya nyumba." Paschal aliondoa kioo, samaki akatulia. "Ukimweka na gapi, hawa wadogo wenye mikia ya rangi, atawatafuna mikia mmoja baada ya mwingine. Si mbaya. Ndivyo alivyo. Anataka kuishi peke yake."

Eliana alikuwa amefungua daftari lake la bluu. "Kaka, nikuulize?"

"Uliza, mwalimu."

"Tangi la baba mkubwa linachukua ndoo kubwa tano na nusu. Je, wanaweza kukaa wangapi bila kubanana? Na wanaokaa juu na wanaokaa chini wanagombania chakula? Na huyu wa rangi ya dhahabu atakua mpaka wapi?"

Paschal alimtazama Mzee Obadia, akacheka. "Baba, huyu umemtoa wapi?"

Akaeleza taratibu, na Eliana akaandika. Wa rangi ya dhahabu anakuwa mkubwa kama kiganja na anachafua maji haraka, tena anapenda maji ya baridi, kwa hiyo hafai kukaa na gapi wanaopenda joto kiasi. Gapi ni wapole na hukaa juu na katikati. Wafagiaji, jina alilowapa samaki wadogo wenye madoa wanaookota makombo, hukaa chini kwenye mchanga na hawasumbui mtu. "Na kuna jambo moja la kukumbuka kuliko yote," Paschal alimaliza, akanyoosha kidole. "Tazama mdomo. Samaki yeyote ambaye mdomo wake unaweza kumeza mwenzake, siku moja atammeza. Usimwambie asubiri, hatakusikia."

Walirudi nyumbani na gapi kumi na wafagiaji wanne, kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Ilikuwa orodha ya Eliana, neno kwa neno.

Njiani baba alimwekea Eliana mkono begani. "Umeuliza maswali ambayo hata mimi sikuyafikiria," alisema.

Damari alitembea nyuma yao akihesabu mawe ya barabarani. Alikuwa amebeba mfuko wenye wafagiaji, na hakuna aliyegeuka kuona kama anaubeba vizuri.

Tangu siku ile, wageni walipokuja na kusifu tangi, mama alisema, "Ni Eliana aliyewachagua." Jirani, mama Aneth, alileta wanawe kutazama. Hata baba, akitoka karakanani jioni, alisema kwanza, "Eliana, wanaendeleaje?" Hakukosea hata siku moja, hakusema, "Damari, wanaendeleaje?"

Jumamosi ya pili, baba alimpakia Damari kwenye pikipiki wakaenda Ilongero kumwona bibi. Eliana alibaki kumsaidia mama. Baba na bibi walipokuwa wakizungumza Kinyaturu chao kivulini, Damari aliteremka hadi kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Mvua zilikuwa zimekwisha na maji yalianza kupungua. Kwenye ukingo wenye tope, vitu vyeusi vidogo vilijipindapinda. Vilikuwa vitoto vya kambale.

Alichota kwa mfuko wa nyavu uliowahi kuwekwa vitunguu. Akapata mmoja, mrefu kama kidole cha kati cha mtu mzima, mweusi anayeteleza, mwenye kichwa bapa na sharubu. Alimtazama usoni. Mdomo wake ulikuwa mpana, umekwenda kutoka shavu hadi shavu.

Damari alikumbuka kidole cha Paschal kilichonyooka. Alikumbuka vizuri sana. Lakini alijiambia, "Huyu ni mdogo. Atawatisha tu. Wataacha kuchezacheza, na watu wataona kwamba orodha ya Eliana si kitu cha ajabu." Moyo wake ulijua kwamba huo si ukweli wote, ila haukusema.

Alimtia kwenye chupa aliyoikata shingo, akaifunika kwa plastiki yenye matundu, akaificha kwenye kikapu katikati ya majani ya mlenda aliyopewa na bibi. Njia nzima ya kurudi, kikapu kilikaa kati ya tumbo lake na mgongo wa baba. Kila pikipiki iliporuka kwenye shimo, alisikia kambale akigonga plastiki, na akahisi ubaridi wa chupa ukipenya kwenye gauni lake.

"Umekaa vizuri huko?" baba aliuliza.

"Nimekaa vizuri, baba."

Walipofika, baba alibaki nje kuosha pikipiki. Mama na Eliana walikuwa jikoni. Damari alifungua mfuniko wa tangi, akamimina. Kambale alizunguka mara moja, akaona kigae, akajipenyeza chini yake. Hakuonekana tena. Gapi waliendelea kupepea juu kana kwamba hakuna aliyeingia.

Jumatatu asubuhi Eliana alikuwa anahesabu kwa sauti, kama alivyozoea. "Saba, wanane." Akahesabu tena. "Damari, njoo. Mimi naona wanane."

"Labda wawili wamejificha," Damari alisema, akaenda kufungulia kuku.

Jumatano walikuwa sita, na wafagiaji wawili. Baba alivua miwani, akaivaa tena. "Samaki akifa, mwili wake unaonekana," alisema. "Anaelea au analala mchangani. Hawa wanakwenda wapi?"

"Paka wa mama Aneth," mama alisema. "Yule hana haya, juzi aliniibia dagaa."

Baba akakata wavu wa chuma, akaziba kila uwazi wa mfuniko. Eliana alisimama pembeni akiwa amekunja mikono. "Baba mkubwa, labda ni maji yangu," alisema. "Jumapili niliongeza maji ya bomba. Niliyaacha kwenye ndoo siku nzima ili dawa ya kusafishia maji ipungue, kama alivyosema kaka Paschal. Lakini labda haikutosha."

"Maji mabaya yanaua, hayafichi miili," baba alijibu. "Usijilaumu."

Alhamisi walikuwa watano. Wafagiaji hawakuonekana hata mmoja.

Mchana ule walikuwa wanakula ugali na mlenda. Mama aliweka bakuli chini, akasema, "Paka hapiti kwenye wavu. Basi nani anawatoa?" Alisema kama mtu anayewaza tu, bila kumtazama yeyote.

Damari alimeza tonge. Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake tangu asubuhi, na sasa lilitoka lenyewe. "Jumanne, Eliana alikuwa na chupa ya maji shuleni."

Ilikuwa kweli kabisa. Chupa ilikuwepo. Wanafunzi wengi walikuwa na chupa za maji siku ile, kwa kuwa bomba la shule lilikuwa limekatika. Lakini hilo Damari hakulisema.

"Ilikuwa ya kunywa," Eliana alisema taratibu.

Hakuna aliyemwambia kwamba ni mwongo. Baba hakukunja uso. Alimtazama tu, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu akarudisha macho kwenye sahani. Eliana aliliona jicho lile. Damari naye aliliona.

"Kesho samaki walishe wewe, Damari," baba alisema. "Eliana apumzike kidogo."

Ndicho kitu alichokitaka kwa karibu wiki mbili. Damari aliacha ugali wake nusu.

Ijumaa baada ya shule, Damari alimkuta Eliana chumbani akikunja nguo. Begi lilikuwa wazi juu ya kitanda. Sare za shule zilikuwa zimepangwa pembeni, zimefuliwa na kupigwa pasi.

"Unakwenda wapi?"

"Iguguno. Nimemwomba mama mkubwa anipeleke kesho. Bado hajakubali, lakini atakubali. Babu anahitaji mtu wa kumpikia."

"Na shule?"

"Nitarudi shule yangu ya zamani." Eliana alikunja kanga ya mama yake kwa uangalifu, pembe kwa pembe. "Sitaki mama asikie huko hospitalini kwamba nimekuja kuwaibia watu. Mgongo unamuuma, asiongezewe na hilo."

"Hakuna aliyesema umeiba."

"Hawakusema. Wameona aibu kusema." Akatoa lile daftari la bluu chini ya mto, akamkabidhi. "Shika. Sasa wewe ndiye utakayewatunza. Kila kitu kimo humo."

Eliana akatoka kwenda kuanua nguo nyingine kambani. Damari alibaki amesimama, akafungua daftari ili tu mikono ipate kazi. Kurasa za kwanza aliziona siku ile kwa Paschal: gapi, wafagiaji, maji yakae kwenye ndoo siku nzima. Kwenye ukurasa uliofuata kulikuwa na mwandiko ulioandikwa siku nyingine, kwa kalamu nyingine.

"Damari anampenda mwekundu. Mpiganaji hawezi kukaa na wenzake. Nimuulize kaka Paschal kama yupo mwekundu asiyepigana."

Chini yake: "Yupo. Gapi mwekundu, mkia mrefu. Atakuja na basi la Jumamosi. Nisimwambie Damari mpaka afike."

Damari alisoma mara mbili. Kisha akafunga daftari, akakimbia.

Karakanani baba alikuwa ameinama juu ya kioo kikubwa, rula ndefu mkono mmoja, kalamu ya kukatia vioo mkono mwingine.

"Baba."

"Naam."

"Baba, ni mimi."

Hakuinua kichwa. "Wewe umefanya nini?"

"Samaki. Nilitia kambale kwenye tangi. Nilimtoa lambo la Ilongero, kwenye kikapu, nyuma ya mgongo wako. Yuko chini ya kigae. Eliana hajachukua samaki hata mmoja. Chupa ilikuwa ya maji ya kunywa, bomba la shule lilikatika. Nilijua, lakini nilisema." Alivuta pumzi. "Na nilijua kwamba atawala. Kidogo nilijua."

Kalamu ilikuwa imegusa kioo. Baba aliinua mkono, akaiweka kalamu pembeni. Mishipa ya shingo yake ilikuwa imesimama.

"Kaa pale kwenye kigoda," alisema hatimaye. "Kioo hakikatwi na mtu mwenye hasira. Na mtoto hasemeshwi na mtu mwenye hasira. Vyote vinapasuka pasipotakiwa. Ngoja nipumue."

Damari alikaa. Alimwona baba akienda kwenye pipa, akanawa uso, akanywa maji, akasimama mlangoni akitazama barabara. Ule muda wa kungoja ulikuwa mrefu kuliko adhabu yoyote aliyowahi kupewa.

Baba aliporudi, alivuta debe, akaketi mbele yake. "Kwa nini?"

Damari alitazama vidole vyake. "Uliniahidi nitachagua mimi. Halafu Eliana akachagua. Halafu kila mtu akawa anasema Eliana, Eliana. Hukuniuliza mimi tena habari za samaki. Na tangi tulitengeneza mimi na wewe."

Baba alikuna kidevu. Alionekana kama mtu aliyeshika kioo kwenye ncha bila kujua.

"Niliahidi," alisema. "Ni kweli. Nilisahau kabisa. Yule mtoto alikuja na huzuni, nikatafuta cha kumchangamsha, nikachukua kilichokuwa chako bila kukuuliza. Hilo ni kosa langu, na ninakuomba radhi." Akasubiri mpaka Damari akainua macho. "Lakini lile la chupa si langu. Na la kambale si langu. Hayo ni yako, na utayabeba wewe. Twende."

Nyumbani, Damari alimwambia Eliana mbele ya mama, akiwa amesimama wima kama mtu anayesoma shairi, ila sauti ilikuwa inakatika. Hakuacha hata kipande. Aliposema habari ya chupa, Eliana aligeuza uso ukutani.

Baba aliingiza mkono kwenye tangi, akainua kigae.

Kambale alikuwepo. Alikuwa amenenepa, tumbo limejaa, sharubu zikicheza taratibu kama za mzee aliyeshiba. Gapi wanne walikuwa wamejibana pembe ya juu kabisa, karibu na mapovu.

"Kumbe huyu ndiye mgeni wetu," mama alisema. "Na mimi nimemsingizia paka wa watu."

Eliana alicheka kidogo bila kutaka, kisha machozi yakamtoka. Mama akamvuta kwake. "Mwanangu, nisamehe. Niliuliza swali bila kuangalia litamwangukia nani." Baba naye akasema, "Nilikutazama vibaya jana. Umeliona jicho langu, na mimi nimeona kwamba umeliona. Nisamehe." Damari hakujua kwamba watu wazima wawili wanaweza kuomba msamaha siku moja.

Eliana alifuta uso kwa ncha ya kanga. Akamgeukia Damari. "Ungeniambia," alisema. "Ningekupa daftari tangu mwanzo. Mimi niliuliza maswali mengi kwa sababu niliogopa wakifa mtasema ni mimi."

"Nisamehe," Damari alisema.

"Nimekusikia," Eliana alijibu. Haikuwa sawa na kusema nimekusamehe, na Damari alilijua hilo. Lakini usiku ulipoingia, begi lilikuwa limerudi juu ya kabati, na sare zilikuwa zimetundikwa msumarini.

Kesho yake walikwenda Ilongero wote watatu, baba akiwa ameazima pikipiki ya magurudumu matatu ya jirani. Kambale alikuwa kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa miguuni kwa Damari. Ukingoni mwa lambo, aliiinamisha taratibu. Kambale alitikisa mkia mara moja, maji yakachafuka, akatoweka.

Baba alichuchumaa, akaosha mikono.

"Yule hana kosa," alisema. "Amekula kwa sababu ni kambale. Gapi hawezi kuwa mkali, mpiganaji hawezi kuwa mpole, kambale hawezi kufunga mdomo wake. Ndiyo maana Paschal anatufundisha kuchagua nani akae na nani. Samaki hawezi kubadilika, kwa hiyo tunamchagulia wenzake." Akageuka akawatazama wote wawili. "Watoto hawachaguliwi hivyo. Mtoto akija nyumbani, waliomo wanasogea, awe anafanana nao au hafanani. Na anayebanwa anasema. Wivu umekushika, Damari, na sikushangai, hata mimi nilipokuwa na umri wako ulinishika. Kuusikia wivu moyoni si dhambi. Lakini ukiuficha, unakua gizani na kula vitu vya watu. Siku nyingine njoo useme, 'Baba, ninaona wivu.' Sitacheka. Nitasogea."

"Ndiyo, baba."

"Na mwezi mzima huu, maji ya tangi utachota wewe, na kuyatunza kwenye ndoo mpaka dawa itoke. Na kwa mama Aneth utakwenda kumwambia kwamba paka wake hakuwa mwizi wa samaki."

"Wa dagaa alikuwa," Eliana alisema, na baba akacheka mpaka akashika magoti.

Waliporudi mjini walipitia kwa Paschal. Gapi mwekundu alikuwa amefika. Mkia wake ulikuwa mrefu, mwekundu kama pilipili, na Paschal alipomwekea kioo cha kujitazamia, alijitazama kidogo, akaona hakuna la maana, akaendelea na safari yake.

"Mchukue," Eliana alimwambia Damari. "Ni wako."

"Ni wetu," Damari alisema. Kisha akasita. Alikumbuka aliyoambiwa lamboni, akaona kwamba huu ndio wakati wa kuyatumia. "Lakini leo ninaomba nimbebe mimi. Siku ile nilibeba wafagiaji na hakuna aliyegeuka kunitazama."

Eliana alifikiri. "Mbebe," alisema. "Mimi nitatembea nyuma, nikutazame."

Jumapili asubuhi, Damari aliamka mapema, akafagia, akafungulia kuku, akaosha masufuria. Halafu hakwenda sebuleni. Alirudi chumbani, akamgusa Eliana begani.

"Amka," alisema. "Twende tukahesabu."

Walipiga magoti mbele ya kioo, bega kwa bega. Mwekundu alikuwepo. Wale wanne wa zamani walikuwa wameanza kuteremka kutoka pembeni. Na chini ya kigae, pale alipokuwa amelala kambale, kulikuwa na vitu vidogo kama nukta za kalamu, vyenye macho.

Eliana alifungua daftari la bluu kwenye ukurasa mpya. "Gapi mmoja amezaa," alisema. "Hesabu wewe, mimi niandike."

Damari alisogeza uso karibu na kioo, akaanza.